Saa nane usiku na elektroni zangu

Leo nimeamka macho mekundu, jana nimelala saa nane usiku sababu ya kitu nilichodhani nakijua. Kwamba sumaku inachezea ukinzani wa chuma, yaani jinsi chuma kinavyouzuia umeme kupita, hiyo habari ya zamani, William Thomson aliiona tangu 1856, na kwenye chuma cha kawaida mabadiliko yenyewe ni kiduchu, asilimia chache basi.

Sasa kumbe mwaka 1988 Albert Fert kule Ufaransa na Peter Grünberg kule Ujerumani, kila mtu kivyake, walipanga chuma na kromiamu tabaka juu ya tabaka, kromiamu yenyewe unene wa kama nanomita moja hivi, yaani atomi chache tu. Kwa Fert, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, uga wa sumaku ulipowashwa ukinzani ukashuka karibu nusu. Nusu! Grünberg alipata kama asilimia 1.5 ila kwenye joto la kawaida la chumba, na mimi roho yangu iko kwake, napenda vitu visivyohitaji friji. Wote wawili wakapewa Nobel 2007.

Bila uga, sumaku za matabaka ya chuma zinaelekea kinyume, ya hili kushoto ya lile kulia. Elektroni nazo zina spini, kama kisumaku kidogo ndani ya kila moja, juu au chini, ikiingia tabaka linaloendana nayo inapita kiulaini, ikiingia lisiloendana inagongwagongwa mpaka basi. Na lazima kromiamu iwe nyembamba hivyo, maana ikinenepa elektroni inagongana humohumo katikati na habari za tabaka la kwanza hazifiki la pili.

Nikachukua daftari. Kupita tabaka vizuri nikahesabu ukinzani 1, kusumbuliwa 9. Matabaka yakiwa kinyume kila kundi la elektroni, la spini juu na la spini chini, linalipa 1 + 9, yaani 10, na kwa vile makundi mawili yanapita kwa pamoja kama njia mbili, ukinzani wa jumla unakuwa nusu, 5. Washa uga yote yageuke upande mmoja: kundi moja linalipa 2, jingine 18, na kwa njia mbili za pamoja ukinzani ni 2 × 18 gawa kwa 20, yaani 1.8. Nilicheka mwenyewe usiku ule, kundi moja limeteswa mara mbili ila umeme wala haujali, unajipitia kwa wenzao.

Kabla sijazima taa nikajaribu 5 na 5, yaani tabaka lisilojali spini. Kinyume 5, upande mmoja 5, hamna kitu. Aaah, kwa hiyo ungeweka shaba tupu, ambayo si ya sumaku, badala ya chuma ungekesha bure.