Siafu wa Uani na Kosa la Daftarini

Juzi binti yangu wa darasa la tano alinionyesha daftari lake la Kiingereza likiwa na mkwaju mwekundu: kwa kutaja kundi la sisimizi aliandika “an army of ants” (jeshi la sisimizi), ilhali mwalimu alitaka “a colony” (kundi linaloishi pamoja). Wiki hiyohiyo siafu walikuwa wamekatiza uani kwetu Mbezi kwa mkururo uliotulazimu sote kuruka, kwa hiyo mtoto aliandika alichokiona kwa macho yake.

Orodha za shuleni za majina ya makundi humpa kila mdudu neno lake moja, kana kwamba ni jina la ukoo. Kwa wadudu, maneno haya hufuata zaidi hali waliyo nayo. Nyuki wanaoishi mzingani pamoja na malkia wao ni “colony”. Malkia mkongwe anapoondoka na sehemu kubwa ya vibarua kutafuta makazi mapya, msafara huo ndio “swarm”. Sisi nasi tunalo bumba la nyuki, neno ambalo mimi hulisikia hasa wanapokuwa wameshikamana na kuning’inia tawini kama fundo.

Kwa nzige tofauti ni kubwa zaidi. Tunutu, ambao hawajaota mabawa, wakitambaa pamoja huitwa “band”, na wakishaweza kuruka ndipo wanakuwa “swarm”, ambayo katika kilomita moja ya mraba huweza kuwa na nzige wazima hadi milioni 80. Neno “plague”, ambalo wengi hulitumia kwa kundi lolote la nzige, wataalamu wameliwekea mipaka: ni kipindi cha uvamizi mkubwa unaoenea katika maeneo mengi kwa mwaka mmoja au zaidi. Ndiyo maana nzige walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kusumbua mwaka 2020, pamoja na wingi wao wote, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa halikuwaita hivyo, bali “upsurge”, yaani ongezeko kubwa lililo ngazi moja chini yake.

Yapo pia maneno ya mapambo, kama “kaleidoscope” kwa vipepeo. Waingereza wana mazoea ya zamani ya kukusanya maneno ya namna hii. Orodha yao mashuhuri ilichapwa mwaka 1486 kwa ajili ya mabwana wapenda uwindaji. Hayo sioni sababu ya kumkaririsha mtoto.

Nimemwelekeza binti yangu amuulize mwalimu, kwa adabu, iwapo sisimizi wa swali lile walikuwa shimoni kwao au njiani.