Kiyoyozi kikubwa si lazima kiwe bora

Kabla ya kuuliza kampuni ipi, pima chumba. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha kwa 600. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinahitaji kiyoyozi cha takriban BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Ongeza kidogo kama dirisha linapigwa na jua la alasiri au juu yako ni bati tupu.

Tafadhali usikimbilie BTU 18,000 kwa kuhofia joto. Kiyoyozi kikubwa mno hupoza hewa upesi na kujizima kabla hakijatoa unyevu. Chumba kinakuwa baridi lakini shuka zinanata, na kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) inayowaka na kuzima kila mara huchakaa mapema.

Kiyoyozi cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima, kwa hiyo kinafaa kwa chumba cha kulala kinachopozwa usiku kucha. Kwa chumba cha wageni, kiyoyozi cha kawaida kisicho na inveta kinatosha.

Kinachoharibu hata viyoyozi bora ni ufungaji mbaya. Simama hapo uone fundi akiunga pampu ya kuvuta hewa kwenye mabomba ya shaba, aiache ifanye kazi angalau dakika 20, aizime, kisha atazame kama geji (kipimo cha mgandamizo) inapanda. Ikipanda, kuna mahali panavuja au unyevu umebaki. Akitaka kupuliza gesi kidogo tu kutoa hewa, mkatalie: unyevu ukibaki huharibu oili ya kompresa.

Bomba la kutoa maji ya kiyoyozi lishuke sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo maji yatarudi na kuchuruzika ukutani. Chujio lioshwe kila wiki mbili.