Kivuli cha Upande wa Pua

Vimulimuli vilianza Alhamisi usiku nikiwa nimeshazima taa. Vilipita pembeni mwa jicho la kushoto, hata nikifumba. Asubuhi, nikipiga mswaki, nikaona kivuli chini, upande wa pua, kama mtu kaniwekea kiganja pale. Mimi huvaa miwani ya minasi nane, ya kuonea mbali, tangu sekondari, na macho ya namna hiyo retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, huwa nyepesi kuchanika. Sikulijua hilo.

Hospitali niliyopangiwa na bima ya kazini ilikuwa hapahapa Dar. Bila barua yao ya rufaa, bima isingemlipa bingwa wa macho. Kijana wa zamu alinisikiliza huku anaandika.

"Kaka, tuanze na vipimo."

Presha, sukari, malaria, picha kamili ya damu, mkojo, na Widal, kile cha taifodi. Presha na sukari sina ugomvi navyo, maana huharibu macho kweli. Lakini mkojo? Malaria haikuonekana. Widal ikasoma, kipimo ambacho kinaweza kusoma kwa sababu tu uliwahi kuugua zamani, nikarudi nyumbani na dawa za taifodi na miadi ya Jumatatu. Nilizimeza. Nani angebishana na karatasi ya maabara?

Jumapili asubuhi nilimtazama mke wangu kwa jicho lile peke yake, nikaona kilemba. Uso haukuwepo.

Jumatatu wakasema huenda tatizo liko kichwani, nikapige CT skani. Kibali cha bima kilichukua mchana kutwa, nimekaa kwenye benchi chini ya feni isiyozunguka. Majibu yakatoka Jumanne: kichwa hakina kitu. Ndipo barua ikaandikwa, mistari miwili.

Bingwa alikuwa mama wa makamo, mpole. Akanitia matone, akangoja mboni ipanuke, akavaa taa yake kichwani, akainama. Haikufika dakika tano. Retina imebanduka.

"Katikati uliacha kuona lini, baba?"

"Juzi, Jumapili."

Alinyamaza kidogo. Akaniambia katikati ya retina ikiwa bado imeshika, mgonjwa huwahishwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo au kesho yake. Halafu akauliza kama kule nilikotoka kuna aliyenimulika ndani ya jicho. Nikavuta kumbukumbu: walitoboa kidole, walichoma mshipa, walinipa kikopo, waliniingiza kichwa kizima kwenye mashine. Tochi, hapana. Hata zile herufi za ukutani hakuna aliyenisomesha.

Retina ilirudishwa kwa gesi, nikalala kifudifudi siku kumi, shingo ikakaza kama gogo. Jicho linaona, ila fremu za milango huniinamia kidogo, na mpaka leo nikimimina chai huwa nashika kikombe kwanza. Picha za CT bado ziko kabatini, kwenye bahasha yake kubwa. Mke wangu kila akifagia huuliza kama tuzitupe.