Mjinga Ugenini

Somo: Matendo 28:1–10, 1 Wakorintho 14:11

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekaa na aya ambayo zamani nilikuwa naipita mbio. Paulo anasema: "Basi nisipoijua maana ya ile sauti nitakuwa kama mjinga kwake yeye anenaye, naye anenaye atakuwa mjinga kwangu."

Neno la Kigiriki lililotumika hapo ni barbaros, yaani mtu ambaye usemi wake masikioni mwako ni bar-bar-bar tu. Neno hilo hilo liko katika Matendo 28, merikebu ilipovunjika na Paulo na wenzake wakatupwa ufuoni mwa kisiwa cha Melita, Malta ya leo, wakiwa wamelowa chepechepe. Tafsiri yetu ya zamani ya Union inasema pale: "Washenzi wakatufanyia fadhili zisizokuwa za kawaida."

Mjinga, mshenzi. Sisi watu wa pwani tunayajua maneno hayo kuliko tunavyopenda kukiri. Kwa wazee wetu, mjinga hakuwa lazima mpumbavu. Alikuwa mtu aliyeshuka juzi, asiyejua mambo ya mji. Na mshenzi alikuwa yeyote wa bara. Bibi yangu, mzaliwa wa Frere Town, kile kijiji cha watumwa walioachwa huru hapa Mombasa, alilitamka hilo la pili bila kupepesa macho, na mumewe alikuwa Mtaita.

Basi nami ilinifika zamu yangu ya kuwa mjinga. Baada ya kustaafu ualimu hapa Mombasa nilijitolea mwaka mmoja kwenda kufundisha Kiingereza katika shule ndogo ya kanisa mjini Addis Ababa. Nilifika Septemba, wiki ile ile wenyeji walipokuwa wakisherehekea mwaka mpya wao. Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka 7, nikawaandikia wenzangu nyumbani kwamba nimerudishiwa ujana. Jambo moja tu halikunipa taabu: saa. Wahabeshi, yaani watu wa Ethiopia, nao huanza kuhesabu jua linapochomoza, saa moja ya asubuhi kwao ni saa moja kama kwetu, na neno lao la saa linakaribia letu. Nikadhani mengine yatakuwa hivyo hivyo.

Hayakuwa. Addis iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Mombasa hulala na soksi. Siku ya kwanza darasani nilimuuliza mtoto kama ameelewa, akavuta pumzi kwa ghafla kama aliyeona nyoka. Nikashtuka, nikamwomba radhi. Wenzake wakacheka mpaka wakalalia madawati. Kumbe kuvuta pumzi hivyo ndiyo kusema "ndiyo"! Nilifundisha miaka 27, lakini kuandika jina langu kwa herufi zao nilifundishwa na mtoto wa miaka 8. Herufi za msingi ni 33 na kila moja ina maumbo 7, piga hesabu mwenyewe. Kila nilipokosea alinishika mkono, akauongoza kwa upole ule ule ambao mimi, Mungu anisamehe, sikuwa nao siku zote kwa watoto wa watu.

Jumatano moja nilikaanga mayai. Waorthodoksi wa kule Jumatano na Ijumaa hufunga, hawali nyama, wala maziwa, wala mayai. Harufu ikajaa nyumba nzima. Mama mwenye nyumba hakunena kitu. Jioni alinigongea mlango, ameshika sinia la injera, ule mkate wao mwembamba mchachu, na mchuzi wa dengu, akaketi. Akamega kipande, akakikunja na mchuzi wake, akauleta mkono wake kinywani mwangu.

Wanaita gursha. Mwenyeji humlisha mgeni kwa mkono wake, na tonge likiwa kubwa ndivyo mapenzi yalivyo makubwa. Nikarudisha kichwa nyuma. Nilisema asante, nitakula mwenyewe. Mkono ukabaki pale hewani.

Nimeufikiria mkono ule mara nyingi kuliko somo lolote nililofundisha mwaka ule. Sikukataa kwa ajili ya uchafu, mama yule alikuwa amenawa mbele yangu. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimekuja kutoa. Mtu anayejitolea halipwi, na asiyelipwa huanza polepole kujiona kwamba yeye ndiye anayedaiwa shukrani na dunia nzima, kwake hakuna anayedai. Mimi mwenye nauli yangu, mwenye vitabu vyangu, nilishwe kama mtoto?

Sasa turudi Melita, tazameni mpangilio wa Luka, mwandishi wa Matendo. Paulo atamponya baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, baba huyo akiwa mwenye homa na kuhara damu, na wagonjwa wengine wa kisiwa watakuja. Lakini kwanza ni mvua, ni baridi, na moto uliowashwa na watu asiojua lugha yao. Mtume anaota moto wa Washenzi. Anaokota kuni, tena katika kuni hizo anatoka nyoka. Huduma yake haijaanza bado, na tayari ana deni.

Hapa kwetu pia iliwahi kuwa hivyo. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai hiyo hiyo akamzika mkewe Rosina na kichanga wao. Mwaka huo huo alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Ninapoifungua Biblia yangu huwa namkumbuka kadhi yule.

Nayasema haya kwa sababu ya binti wa Kijerumani anayejitolea kufundisha katika shule moja ng'ambo ya Likoni, anayesali nasi. Wapo waliokasirika alipomsalimu mzee wetu "mambo" badala ya shikamoo. Wapo wanaomwiga anavyosema "mimi nataka kusaidia" kwa kila jambo, hata kwenye matanga. Nami nilicheka, sitaficha.

Jumapili iliyopita nilimwalika chakula cha mchana. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akala vijiko viwili, akasukuma sahani, akasema ameshiba, akauliza kama anaweza kuosha vyombo. Nikamwambia, kaa, mwanangu. Nikanawa. Nikafinya tonge la wali, nikaweka kipande cha samaki juu, nikamnyooshea mkono.

Aliutazama mkono, akanitazama mimi. Masikio yakamwiva. Nikangoja, mchuzi unanitiririka kiganjani. Kisha akafungua kinywa.