Siku Moja Maishani Mwangu: Tabibu Anayepima Kama Asomee Udaktari

Saa 1:30 asubuhi tunapokea ripoti ya zamu ya usiku katika kituo cha afya ninachofanyia kazi, mkoani Geita. Mimi ni tabibu mwenye stashahada ya miaka 3, ingawa wagonjwa wote huniita daktari, na mwaka huu sina budi kuamua kama nirudi chuoni kusomea shahada ya udaktari wa binadamu, yaani miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa utarajali (kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi). Zamani tabibu aliweza kusoma miaka 2 akawa Daktari Msaidizi na kuruhusiwa kupasua. Mafunzo hayo yalisitishwa, na iliyobaki ni njia ndefu.

Saa 3:00, chumba cha wagonjwa wa nje. Bibi amemleta mjukuu wa miezi 18 mwenye homa na kikohozi. Kipimo cha haraka cha malaria hakioneshi vimelea, hivyo ninahesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 48. Kwa umri wake, kuanzia 40 ni pumzi za haraka, na kwa kuwa kifua hakibonyei ndani na bado ananyonya, hii ni nimonia inayotibika nyumbani kwa amoksilini. "Bibi, akishindwa kunyonya au akipata degedege, mrudishe hata usiku." Kazi hii ninaiweza na ninaipenda, wala sitaki kusoma ili niikimbie.

Saa 6:30 mkunga ananiita wodi ya wazazi. Kwenye patografu, chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, uchungu wa mama umevuka mstari wa kuchukua hatua, na mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka hadi 104 kwa dakika. Anahitaji upasuaji, na mimi siruhusiwi kuufanya. Daktari pekee tuliye naye yumo chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Ninamlaza mama ubavu wa kushoto, ninamwekea dripu na mpira wa mkojo, ninatuma damu maabara, ninazungumza na mumewe kuhusu ridhaa. Kisha hakuna kilichobaki ila kusubiri. Mtoto anatolewa saa 7:40, analia. Katika hoja zote nilizopima miezi hii, hakuna iliyo nzito kama kusubiri kule.

Saa 10:00 ninamweleza daktari hivyo, naye hakubaliani nami moja kwa moja. "Dada, usisome kwa sababu ya leo tu. Iko siku utapasua vizuri kabisa na bado utampoteza mama, na hapo hutakuwa na wa kumwita." Ninaona amenisaidia kuliko wote wanaonisifu kwamba nina akili ya kuwa daktari.

Saa 2:00 usiku tunakaa na mume wangu kupiga hesabu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi linalovuka Ziwa Victoria lifunguliwe mwaka 2025, Mwanza si mbali tena, hivyo chuo cha Bugando kingeniruhusu kumwona binti yetu mara kwa mara, lakini ni chuo binafsi na ada yake inatutisha. Muhimbili ni chuo cha umma, ila kiko Dar es Salaam. Binti ana miaka 4, na nitakapomaliza utarajali atakuwa na 10. Tumekubaliana niombe vyuo vyote viwili na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na kesho nimpelekee mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, barua ya kuomba ruhusa ya masomo.