Walikifurahia Kile Kiapo
Somo: 2 Mambo ya Nyakati 15:12–15

Bwana asifiwe, wapendwa. Katika mwaka wa 15 wa kutawala kwake, Asa, mfalme wa Yuda, aliwakusanya watu Yerusalemu. Wakatoa dhabihu ng'ombe 700 na kondoo 7,000, wakamwapia Bwana kwa sauti kuu, parapanda zikilia. Aya ya 15 inasema Yuda wote walikifurahia kile kiapo. Juu ya aya hiyo Philip Doddridge, mchungaji wa Northampton, Uingereza, alitunga wimbo uliochapishwa mwaka 1755, yeye akiwa ameshafariki. Sisi tunao katika Tenzi za Rohoni: "Ni Siku Kuu Siku Ile".

Kiitikio cha kuoshwa dhambi si cha Doddridge. Kilikuja karne moja baadaye, na muziki wake unahusishwa na Edward Rimbault, 1854. Kiitikio hicho peke yake ndicho alichochukua Edwin Hawkins, mpiga piano wa Oakland, California. Beti zote akaziacha. Mwaka 1968 kwaya yake ya vijana ilirekodi "Oh Happy Day" ndani ya kanisa la Ephesian, Berkeley, kwa mashine ya njia mbili tu, yaani sauti zote zinaingia katika mikondo miwili ya kurekodia. Kwa mashine ya namna hiyo huwezi kuja baadaye kuinua sauti moja na kushusha nyingine. Uwiano unapatikana kwa jinsi waimbaji wanavyosimama. Zilichapwa nakala 500 za santuri, ziuzwe kuchangia safari ya kwaya. Mtangazaji mmoja wa San Francisco akaupiga redioni, na mwaka 1969 ukafika nafasi ya 4 kwenye chati za nyimbo Marekani na ya 2 Uingereza. Kwa jina lao wenyewe hawakufika tena hapo. Wapo waumini wa kanisa lao waliochukizwa kuusikia ukipigwa kwenye kumbi za starehe.

Sioni kosa la Hawkins. Alifanya kazi nzuri mno. Lakini dunia ilipokea furaha bila kiapo. Katika somo letu watu wanaapa kwanza, ndipo wanafurahi, na beti zilizoachwa ndizo zinazotaja mapatano ya mtu na Bwana wake.

Kwa hiyo kwaya zinazoupenda wimbo huu naziomba zianze na beti za Tenzi, mbili zinatosha, taratibu, bila ngoma. Kisha piano iingie na kiitikio kwa mtindo wa Hawkins. Msikilizeni Dorothy Morrison, aliyeongoza: anaanza chini kabisa, karibu na kuongea, na kwaya inarudia maneno yake bila kumpita. Sauti zote zinafunguka panapotajwa Yesu kuosha dhambi. Kinachoharibu kwa kawaida ni kwaya kupaza tangu mstari wa kwanza. Ikifika pale pa kupanda haina pa kwenda. Kosa la pili ni mpiga ngoma kukimbiza mwendo kila sauti zinapopanda. Na ufunguo ukiwekwa juu kumfurahisha mwimbishaji, soprano watapiga kelele badala ya kuimba. Shusheni hata hatua mbili.

Kabla ya mazoezi ya wiki hii, someni aya hizo nne kwa sauti, kila mwanakwaya akiwa na Biblia yake, halafu kila mmoja ataje mbele za Bwana lile alilomwahidi siku alipookoka.