Siku moja maishani mwangu: kamera ya upasuaji inayojifunza kutoka kwa jicho

Saa 1 asubuhi. Nimesimama nyuma ya daktari wa upasuaji, macho kwenye skrini. Anatoa kibofu cha nyongo kupitia matundu madogo. Ini lililolowa linaakisi taa ya kamera: panapong'aa ni peupe tupu, nyuma yake giza. Msaidizi anainamisha kamera tena na tena, na kila mara daktari anasimamisha mikono kusubiri. Kusubiri huko kunaniuma.

Saa 3. Maabara. Mimi hubuni vihisi vya picha, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, na mwalimu wangu ni retina, utando wa nyuma ya jicho. Ina seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, ilhali neva inayokwenda ubongoni ina nyuzi milioni 1 hivi. Basi kazi kubwa humalizika humo humo jichoni: seli hujirekebisha kwa mwanga unaoziangukia, na zilizo jirani huzuiana, ndipo kingo za vitu zikajitokeza. Kamera ya kawaida huipa picha nzima kipimo kimoja cha mwanga. Pikseli zetu kila moja hujipimia: mwanga ukizidi mara 10 hupanda ngazi moja, ukizidi mara 100, ngazi mbili. Kisha programu inakoleza kingo.

Saa 6. Kikao, barua pepe.

Saa 8. Rangi ya indosianini, inayodungwa mshipani ili mishipa na mfereji wa nyongo vionekane, ikimulikwa hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 830. Jicho haliuoni kabisa. Tunaunasa kwa kihisi cha pili, halafu tunaupaka kijani kwenye skrini, maana katikati ya wekundu wa nyama jicho hukiwahi kijani.

Saa 10. Daktari amekuja kujaribu kwenye ini la silikoni. Dakika kumi nzima hakuomba kamera igeuzwe! Nilitaka kumkumbatia. Kisha akagusa skrini.

“Mhandisi, huu mshipa umetoka wapi?”

Hapakuwa na mshipa. Ulikuwa mstari mweusi uliochorwa na programu yetu pale mng'ao unapokutana na kivuli. Mwanafizikia Ernst Mach alieleza mwaka 1865 kwamba hata jicho hujichorea mistari ya namna hiyo. Tuliiga jicho mpaka makosa yake, na mstari wa uongo kando ya mfereji wa nyongo unaweza kuongoza mkasi pabaya.

Saa 12 jioni. Nimepunguza ukolezaji wa kingo kwa nusu. Picha imefifia kidogo kwenye kona ya giza, nimeiacha hivyo. Daktari atarudi kesho kuitazama, na safari hii sitamwambia nimebadilisha nini.